Mtoto wa Mbwa Atoke Lini?

Leo nataka tuzungumze kuhusu mgeni mdogo aliyeingia katika nyumba nyingi: mtoto wa mbwa. Na swali letu ni moja tu. Mtoto huyu atoke lini nje ya geti akakutane na mbwa wenzake?

Ukiuliza watu swali hili, majibu yatakuchanganya. Mmoja atakuambia mtoe kesho, azoee mapema. Mwingine, mara nyingi daktari wa mifugo, atakuambia usithubutu, asikanyage nje mpaka amalize chanjo. Wa tatu atashangaa: kwani mbwa hutolewa? Mbwa ni wa kulinda boma. Akizoeana na watu atakulindia nini? Nitawajibu wote watatu. Lakini ili ukiitwa mezani kabla hatujamaliza uwe umekwisha kunisikia, nasema mapema ninachokiamini: mtoto wa mbwa azoeshwe dunia mapema sana, ila uwanja wa mbwa uje mwisho. Dunia mapema, uwanja mwisho. Nitalirudia.

Tuelewane kwanza kuhusu uwanja wenyewe. Katika miji ya Marekani na Ulaya kuna viwanja vilivyozungushiwa ua kwa ajili ya mbwa. Kile kinachotajwa kuwa cha kwanza Marekani kilianza mwaka 1979 katika bustani ya Ohlone, mjini Berkeley, California. Kwenye viwanja vya aina hiyo, mara nyingi unapita geti la kwanza, unalifunga nyuma yako, unamfungua mbwa kamba, kisha ndipo unafungua geti la pili. Mageti ni mawili ili mbwa mmoja asichomoke wakati mwingine anaingia. Ndani, mbwa hukimbia huru na wenye mbwa husimama wakiwatazama. Ndugu zetu wanaoishi Minneapolis au Toronto wanavijua viwanja hivi.

Hapa Nairobi mambo ni tofauti. Wengi wetu tunakutanisha mbwa katika kiwanja cha mpira cha mtaani, alfajiri kabla vijana hawajafika, au katika njia za msitu wa Karura siku ya Jumapili. Karura mbwa anaruhusiwa, lakini sharti awe kwenye kamba. Na kile kiwanja cha mtaani hakina geti wala mtu wa kukuuliza kadi ya chanjo. Usiku wamepita mbwa koko, mchana wamepita mbuzi, na pale kwenye kona kuna jaa la taka. Hiyo ndiyo hali yetu, na ushauri wowote wa maana lazima uanzie hapo.

Sasa, kwa nini daktari anasema subiri? Daktari anaogopa parvo. Aliyewahi kuuguza mtoto wa mbwa mwenye parvo hasahau: mnyama anakataa chakula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali, na baada ya siku chache anaweza kuwa amekufa. Virusi vya ugonjwa huu vilitambuliwa mwaka 1978, na kwa muda wa miaka kama miwili vilikuwa vimesambaa duniani kote. Siri yao ni kuvumilia. Vinakaa ardhini miezi mingi baada ya kinyesi chenyewe kutoweka machoni. Vinaingia nyumbani kwa soli ya kiatu chako. Sabuni ya kawaida haiviui. Kinachoviua ni dawa ya klorini, ile wengi tunaiita jiki, ikichanganywa na maji. Kwa hiyo unapomweka kilebu wa wiki nane kwenye nyasi za kiwanja ambacho hujui nani alipita, unamtia hatarini hata kama asubuhi hiyo hakuna mbwa mwingine hata mmoja.

“Lakini wangu amechanjwa!” Nimekusikia. Amechanjwa mara ngapi? Hapa ndipo wengi hukosea, na nawaomba tutulie kidogo. Kilebu anaponyonya maziwa ya kwanza ya mama yake, anapokea kinga ya mama. Kinga hiyo inamlinda wiki za mwanzo, lakini pia inaizuia chanjo kufanya kazi. Inakwisha taratibu, na kila kilebu ana wakati wake. Kwa wa kwako inaweza kwisha akiwa na wiki nane, ndugu yake wa tumbo moja wiki kumi na mbili. Hakuna anayeweza kujua kwa kumwangalia. Ndiyo maana daktari anaanza kuchanja katika wiki ya sita au ya nane, anarudia kila baada ya wiki tatu au nne, na haachi mpaka kilebu afikishe wiki kumi na sita. Anarudia ili asikose ile siku ambayo kinga ya mama imekwisha. Chanjo ya kwanza peke yake haitoshi. Nasema tena, mama na baba mnaonisikiliza: chanjo ya kwanza peke yake haitoshi.

Kuna pia kichaa cha mbwa. Chanjo yake hutolewa kilebu akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Ugonjwa huu dalili zikishatokea hauna tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Akikuuma mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Na chanjo ya mbwa inafanya kazi: kule kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza ugonjwa huu, ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukatokomezwa tena. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza kufikia mwaka 2030. Hatutafika huko ikiwa kadi za chanjo zimelala kabatini zikiwa na muhuri mmoja.

Basi, msikilizaji, utasema hoja imekwisha: tumfungie ndani mpaka wiki kumi na sita. La. Hapo ndipo yule aliyesema “mtoe mapema” anapopata haki yake.

Akili ya mtoto wa mbwa ina mlango ambao hauachwi wazi daima. Kuanzia kama wiki ya tatu hadi wiki ya kumi na mbili au kumi na nne, anapokea mambo mapya kwa urahisi: watu, sauti, harufu, wanyama wengine. Baada ya hapo, asichokijua anaanza kukiogopa. Jambo hili lilichunguzwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, na wataalamu John Paul Scott na John Fuller, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Katika jaribio moja la hukohuko, watoto wa mbwa walilelewa katika uwanja uliozungushiwa ua bila kuzoeana na binadamu. Waliochukuliwa mapema, wakakaa na watu kwa wiki moja, walizoea. Walioachwa mpaka wiki ya kumi na nne walikuwa kama wanyama wa porini. Kuwafuga vizuri kukawa kazi ngumu mno.

Sasa fanya hesabu mwenyewe. Chanjo zinakamilika wiki ya kumi na sita. Mlango unaanza kufungwa wiki ya kumi na mbili. Ukimfungia ndani mpaka chanjo ziishe, siku utakayomtoa utakuwa umechelewa. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kimelisema hili waziwazi: kilebu anaweza kuanza mafunzo pamoja na wenzake akiwa na wiki saba au nane, mradi awe amepata chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo angalau siku saba kabla. Wanaongeza kwamba mbwa wenye umri chini ya miaka mitatu wanapoteza maisha zaidi kwa sababu ya tabia mbaya kuliko kwa sababu ya magonjwa ya kuambukiza. Mbwa akishauma watu, mwenyewe anamtupa au anamuua.

Tufanyeje, basi? Kilebu awe anakutana na dunia, lakini miguu yake isiguse ardhi usiyoijua. Mbebe. Chukua leso, mfunge kifuani, au mweke ndani ya kiondo kilichotandikwa taulo, mwende hadi kituo cha matatu. Usimshushe. Asikie honi, asikie makanga wakiita abiria, aone bodaboda ikipita na mtu mwenye kofia ya chuma. Kaeni dakika kumi, mpe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa, rudini. Siku nyingine mpeleke karibu na shule wanafunzi wanapotoka, aone sare nyingi na asikie kelele nyingi. Aone mzee mwenye mkongojo. Aone mama aliyefungua mwavuli, kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, mtu aliyevaa buibui, mtu aliyevaa koti la mvua. Asikie adhana, asikie ngoma za kanisani, asikie radi akiwa mikononi mwako na si peke yake kibandani.

Akianza kutetemeka, usimsogeze karibu zaidi. Rudi nyuma mpaka atulie, hapo ndipo umpe ile nyama. Hii si kumdekeza.

Na mbwa wenzake? Tafuta mbwa mmoja mzima, mpole, wa rafiki au jamaa unayeijua kadi yake ya chanjo, na mkutane katika ua safi ambao haujawahi kuwa na mgonjwa wa parvo. Mmoja anatosha. Mbwa mzima mwenye adabu humfundisha kilebu mambo ambayo sisi hatuwezi: kwamba ukimng’ata mwenzio kwa nguvu mchezo unakwisha, kwamba ukiambiwa kwa mngurumo mdogo unarudi nyuma. Mngurumo huo usiukemee. Ni mazungumzo. Mbwa aliyekatazwa kunguruma anaweza kuruka hatua hiyo na kuuma bila kutoa ilani.

Nimwendee sasa yule ndugu wa tatu, anayesema mbwa wa kulinda asizoee watu. Ndugu yangu, nakuelewa. Umelelewa kama wengi wetu: mbwa anafungwa kutwa kwenye kibanda, anafunguliwa saa tatu za usiku, na ukali wake unahesabiwa kuwa ndio kazi yake. Lakini mwangalie mbwa huyo vizuri. Anabwekea upepo, anabwekea paka, anabwekea mtoto wako anaporudi kutoka dukani. Amejaa hofu, na mwenye hofu huuma aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa nyumbani au jirani. Mbwa aliyeijua dunia anaweza kutofautisha. Anajua nyayo za muuza maziwa, anajua sauti ya askari wa getini, na kwa sababu hiyo anajua pia kwamba mtu anayeparamia ukuta saa nane za usiku si jambo la kawaida. Atabweka, nawe utaamka. Mimi nasema huyo ndiye mlinzi bora.

Haya, wiki kumi na sita zimepita, kadi imejaa, daktari ameridhika. Sasa twende uwanjani. Dunia mapema, uwanja mwisho. Sasa ndiyo mwisho wenyewe umefika. Na bado tusikimbilie. Kumwachilia kilebu katikati ya mbwa kumi wakubwa siku ya kwanza ni sawa na kumwacha mtoto wa chekechea peke yake kwenye uwanja wa shule ya upili wakati wa mapumziko. Labda atapona. Labda atajifunza siku hiyo kwamba mbwa wote ni wa kuogopwa.

Nenda siku ya kazi, mapema, wakati ambapo mbwa ni wachache. Siku ya kwanza msiingie kabisa. Simameni mbali, atazame, anuse upepo, mrudi. Siku inayofuata mwombe mwenye mbwa mmoja mtulivu mtembee pamoja, mkielekea upande mmoja, kila mbwa upande wake, bila kukutanishwa uso kwa uso. Mbwa wakitazamana ana kwa ana kwenye kamba zilizokazwa wanaweza kuchokozeka. Wakitembea sambamba wanazoeana wenyewe. Kamba iwe legelege. Wewe ukiikaza kwa wasiwasi, mbwa anauhisi wasiwasi wako shingoni mwake. Na mkanda wa kuzunguka kifua ni bora kwa mdogo kuliko ule wa shingoni.

Kama una bahati ya uwanja wenye ua ambapo mbwa wako huru, mfungue kamba na wako pia mara mnapoingia, kwa sababu aliyefungwa kati ya walio huru anajiona amenaswa. Usibebe chakula, usibebe mpira. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Ondokeni akiwa bado anataka kucheza.

Wakati huo wote, simu iwe mfukoni. Nakuomba sana. Kazi yako ni kutazama.

Utatazama nini? Mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua chini, miguu ya mbele imenyooka, matako yako juu. Hiyo ni karibu tucheze. Mchezo mzuri una zamu: huyu anamkimbiza yule, kisha yule anamkimbiza huyu, aliyekuwa chini anakuwa juu. Ukiona mmoja yuko chini tu muda wote, mwondoe yule wa juu kwa upole, umshike. Aliyekuwa chini akirudi mwenyewe kumfuata mwenzake, waache, walikuwa wanacheza. Akikimbilia miguuni mwako, amekujibu.

Kilebu anayeogopa hukunja mkia katikati ya miguu, hulamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Na mkia ukitikisika usidhani ni furaha tu. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walipima mikia ya mbwa wakaona kwamba mbwa akimwona mwenyewe, mkia huvuta zaidi upande wake wa kulia. Akimwona mbwa mgeni mwenye kujitutumua, huvuta zaidi upande wa kushoto. Tazama mwili mzima, usitazame mkia peke yake.

Kuna watu watakaokuambia, “Waache, watamalizana wenyewe.” Usiwasikilize. Kilebu anayeonewa mbele yako akaona hujasogea amejifunza kwamba lazima ajitetee kwa meno. Ingia katikati, msimamie, mwite mwenye mbwa yule mwingine kwa heshima, na kama hasikii, ondokeni. Hakuna aibu ya kuondoka.

Jike akiwa kwenye joto asipelekwe kabisa. Joto hilo huanza akiwa na miezi sita hivi. Mkirudi nyumbani, mpapase: ndani ya masikio, chini ya makwapa, katikati ya vidole. Kupe mmoja anatosha kuleta homa, na huku kwetu kupe hawana msimu wa likizo.

Kabla sijawaaga, neno kuhusu majirani. Si kila mtu anapenda mbwa, na hawajakosea. Yupo aliyeumwa utotoni. Yupo jirani Mwislamu aliyetawadha anaelekea msikitini, ambaye mate ya mbwa yakimgusa itamlazimu kujitoharisha upya. Kwa hiyo kilebu afundishwe tangu mdogo asirukie watu, na wewe ufupishe kamba unapopishana na mtu bila kungoja akuombe. Kauli ya “haumi huyu” haimsaidii mtu anayetetemeka.

Kinyesi kiokote. Kina mayai ya minyoo ambayo huwapata watoto wanaocheza mchangani. Kumbuka kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika misitu na mbuga zetu, kwa hiyo beba karatasi. Na ukiwa Karura, kamba ile ina sababu. Msitu huo, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania usigawanywe, ni nyumba ya kima, mbega na paa wadogo. Mbwa asiyefungwa atawakimbiza. Mbwa asiyechanjwa anaweza kuwaletea wanyama maradhi pia. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao hutokea kwa mbwa wa kufugwa, uliwapata simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wale walitoweka. Simba, wasikilizaji, kwa ugonjwa ambao una chanjo.

Basi wewe mwenye mtoto wa mbwa nyumbani, usiku huu kabla hujalala itafute ile kadi. Isome tarehe. Kama uliambiwa urudi na hukurudi, mpigie daktari wa mifugo wa eneo lako kesho asubuhi. Kama ulimnunua kando ya barabara na hukupewa kadi yoyote, mhesabu kuwa hajachanjwa na uanze mwanzo. Na kesho jioni, kadi ikiwa bado haijajaa, mbebe kwa leso mwende kituoni mkatazame magari.